Chango cha Chuma: Uhunzi na Hifadhi ya Mali katika Njia ya Unyanyembe

Neno chango, kwa maana ya kigingi cha ukutani, linaanza kupotea vinywani mwa watu. Vijana wengi wakilisikia hufikiria kwanza maumivu ya tumbo, au hulichanganya na mchango wa arusi. Ilhali waliolelewa katika nyumba za mawe za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa walilijua kwa matumizi ya kila siku: kanzu ilitundikwa kwenye chango, na mkoba, na tasbihi, na upanga wa babu uliokwisha kusahau vita. Neno hili ni ndugu wa kitenzi kuangika, na ni ndugu wa kiango, kile kibao kilichobeba taa. Si kulabu ya bucha wala ndoana ya mvuvi, ingawa zote tatu zina mkunjo. Kazi ya chango ni moja tu: kukiweka kitu juu ya sakafu, mahali panapojulikana.

Pwani, chango aghalabu kilikuwa cha mti. Ukuta wa mawe na chokaa ulikuwa mnene, zidaka zilichukua vyombo vya thamani, na vilivyobaki vilining'inizwa kwenye vigingi au katika susu. Lakini kwa yule aliyeondoka Bagamoyo akapanda bara kiasi cha kilomita 800 mpaka Tabora, chango cha mti kilikuwa na adui asiyelala.

Februari 1872, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliingia Kwihara, karibu na Tabora, wakitokea Ujiji. Livingstone alikuwa na mali yake iliyowekwa huko kwa muda mrefu, ikimngoja. Masanduku yalipofunguliwa, ilionekana kwamba mchwa wamekula vitako vya bunduki zake. Mti ulikuwa umeliwa. Kilichobaki ni chuma. Habari hiyo huwa inapitwa haraka na wasomaji wa safari za Wazungu, kwa kuwa wanangojea simba na mito. Kwa anayetaka kuelewa maisha ya njia kuu ya Unyanyembe, yafaa asimame hapo kidogo. Ardhi ya Unyamwezi hula kila kiwekwacho chini. Mali inayokaa hapo haina budi kuinuliwa, na kinachoiinua kisiwe kitu ambacho mchwa hukipenda.

Na mali ilikaa. Hilo ndilo lililoifanya Tabora kuwa Tabora. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikwisha kujenga hapo, mahali palipoitwa Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, kabla Richard Burton na John Speke hawajafika mnamo Novemba 1857. Wageni hao wawili waliondoka pwani mwezi Juni mwaka huo, na baada ya zaidi ya miezi minne ya maradhi na ugomvi walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyewapa nyumba, chakula na maarifa ya nchi. Desturi ya misafara ilikuwa kuvunjika hapo. Wapagazi waliotoka pwani walilipwa wakaenda zao, wengi wao wakiwa Wanyamwezi waliofika kwao; mizigo ikatuliwa; kisha zikaanza siku, na mara nyingi miezi, za kutafuta wapagazi wapya wa kwenda Ujiji, Karagwe au Uganda. Wakati wa masika safari zilipungua. Wakati wa vita, kama ile iliyozuka mwaka 1871 baina ya Mirambo na watu wa Unyanyembe, njia ilizibwa na shehena zikarundikana.

Kwa hiyo Tabora haikuwa soko tu. Ilikuwa ghala. Ndani ya tembe, zile nyumba pana zenye paa bapa la udongo na ua katikati, vilikaa vitambaa vya merekani na kaniki, shanga za kila rangi, koili za waya wa shaba, baruti, magobori, chumvi, na kwa upande wa pili meno ya tembo yakingoja kuteremka. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia kilo 30, nao ulifungwa kwa namna ya kudumu safari nzima. Ulipofunguliwa, kila kipande kilihitaji mahali pake. Baruti haikutaka unyevu. Kitambaa hakikutaka panya. Bunduki haikutaka mchwa. Ukuta ukawa wa thamani kuliko sakafu, na fundi aliyeweza kuufanya ukuta ubebe alikuwa mhunzi.

Chuma cha mhunzi huyo kilitoka wapi? Swali hili ni la haki, kwani mazoea ya kuandika historia ya njia hii ni kuhesabu kilichopanda kutoka pwani, kana kwamba bara lilikuwa likingoja tu kuletewa. Kwa upande wa chuma, mambo yalikuwa kinyume. Kaskazini mwa Unyamwezi, katika nchi za Uzinza na Usumbwa, mafundi waliojulikana kwa jina la Warongo walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyosambaa nchi nzima. Kusini-magharibi, Wafipa walijenga kwa udongo matanuri marefu waliyoyaita malungu, yenye kimo cha kama mita tatu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto kupitia matundu ya chini. Tanuri liliwaka kwa siku kadhaa. Bonge lililotoka humo halikuwa safi. Lilirudiwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, na hapo mivukuto ndiyo iliyofanya kazi, mpaka kikapatikana chuma cha kufulia. Kazi hii ilikuwa na miiko yake na dawa zake, na tanuri lilipambwa na kutajwa kama bibi arusi, maana kwa Mfipa kuyeyusha chuma kulikuwa ni kuzaa.

Uhodari huo haukuzaliwa juzi. Katika nchi ya Wahaya, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, uchimbuzi uliofanywa na Peter Schmidt na wenzake katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba watu wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Pwani nayo ilikuwa na ya kwake: mabaki ya uyeyushaji yamefukuliwa katika makazi ya kale ya Waswahili, ikiwemo Unguja Ukuu, na mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, alikitaja chuma cha Malindi. Mwambao na bara, basi, ni wanafunzi wa moto mmoja. Lililotofautiana ni zamani: kufikia karne ya 19 mtu wa pwani alinunua chuma kilichokuja kwa bahari, na Mnyamwezi alikuwa bado ananunua kilichotoka ardhini mwa jirani yake.

Jembe ndilo lililokuwa mfalme wa vyuma hivyo. Lilikuwa na umbo la moyo, na mkia uliochongoka wa kupenyezwa katika mpini. Lilitumika kulimia, likatumika kulipia mahari, likatumika kama fedha. Misafara iliyoteremka kutoka Unyamwezi ilibeba majembe kwa ajili ya kuyatoa hongo na kununulia chakula katika nchi kavu ya Ugogo. Jembe lililochakaa halikutupwa. Lilirudi kwa mhunzi, likawa shoka, likawa kisu, likawa mkuki. Na kipande cha mwisho, kile kisichotosha hata kisu, ndicho kilichoweza kukunjwa kikawa kitu cha kutundikia. Vivyo hivyo kwa waya wa pwani: mafundi wa Unyamwezi waliupasha, wakauvuta mwembamba, wakausokota kuwa udodi wa kuvalia miguuni na mikononi. Hakuna kilichofika Tabora kikabaki kama kilivyofika.

Ni vigumu kuusifu uhunzi wa njia hii kwa upande mmoja na kuunyamazia wa pili. Njia iliyopitisha majembe na meno ya tembo ilipitisha watu waliofungwa. Kongwa lilikuwa la mti, lakini mnyororo ulikuwa wa chuma, na mnyororo hauoti shambani. Upo mkono ulioufua, uwe wa bara, wa pwani au wa ng'ambo. Wakuu wa biashara hiyo si wageni kwa wasomaji wa visiwani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, akaoa binti wa mtemi Fundikira. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu chake kimekuwa miongoni mwa nguzo za nathari ya lugha hii. Hesabu ya mali imo humo kwa wingi. Majina ya waliobeba mali hiyo, na ya waliokuwa wenyewe mali, ni machache mno.

Mtu akiitazama pete ya mnyororo na chango cha ukutani, ataona kwamba fundi wake amepita njia ileile: fimbo ya chuma, makaa, nyundo, pembe ya fuawe, mkunjo. Tofauti imo mwishoni. Chango huachwa mdomo wazi, ili kilichotundikwa kiondolewe na mwenyewe anapokihitaji. Pete ya mnyororo hupigwa mpaka midomo ikutane, ili kilichofungwa kisiondoke. Pigo hilo la mwisho la nyundo ndilo lililotenganisha chombo cha kuhifadhi na chombo cha kudhulumu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash mwezi Juni 1873. Hadhi ya utumwa katika sheria ya Zanzibar ikaondolewa mwaka 1897. Na Tanganyika, ambako Tabora imo, sheria ya kuufuta utumwa ikatolewa mwaka 1922. Miaka hamsini kasoro mmoja ilipita kati ya tangazo la kwanza na la mwisho. Chuma hukaa muda mrefu kabla hakijapoa.

Kifo cha uyeyushaji hakikuja kwa tangazo. Kilikuja kwa bei. Majembe yaliyotengenezwa Ulaya yalianza kushindana na ya Warongo, na reli ilipoanza kuyaleta kwa wingi, fundi aliyekesha na tanuri kwa siku kadhaa hakuweza tena kuuza kwa faida. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyowachukua Burton na Speke zaidi ya miezi minne ikawa safari ya siku chache. Mpagazi aliondolewa barabarani, na nyuma yake akaondolewa myeyushaji. Kufikia katikati ya karne ya 20 malungu ya Ufipa yalikuwa yamezimwa. Baadhi yamesimama hadi leo katika mkoa wa Rukwa, matupu, yakiota majani.

Lakini mhunzi hakufa pamoja na myeyushaji. Jambo hili husahauliwa na wanaoomboleza uhunzi kana kwamba ni kitu kimoja. Kuyeyusha ni kukitoa chuma katika jiwe. Kufua ni kukipa chuma umbo. Reli iliyoiua kazi ya kwanza iliilisha ya pili. Ilileta vyuma ambavyo bara halijapata kuviona kwa wingi huo: misumari minene, mabano, skurubu, sahani za chuma, fimbo za kila unene. Ikaleta pia karakana, na mafundi waliojifunza humo. Kipande cha reli kikawa fuawe bora kuliko jiwe, chenye uso laini na ukingo wa kukunjia. Tabora ikawa njia panda ya reli mwaka 1928, tawi la Mwanza lilipokamilika, na baadaye ikawa na chuo cha kufundishia kazi za reli.

Karakana hizo ziliwahi kufanya kazi isiyotarajiwa. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, serikali ya Kijerumani ilikuwa imehamia Tabora, na bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza. Sarafu zikaadimika. Katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na mji, zikapigwa sarafu za dharura: za heller 5 na 20 kwa shaba na madini mengine yaliyopatikana, na za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Za dhahabu zilipigwa zaidi ya 16,000, kisha mwezi Septemba majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Mji uliokuwa ukitumia jembe kama fedha ulijipigia fedha yake kwa nyundo na mashine za reli. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji duniani kote. Vyuma vingine vilivyofuliwa katika karakana zile, vile visivyo na tembo wala tai, havikutafutwa na mtu, kwa kuwa vilikuwa vimetundikiwa koleo.

Mhunzi wa mijini Tabora na wa vijijini kandokando ya reli, kama mwenzake wa Unguja au Mwanza, sasa hufua kutokana na chakavu. Springi ya lori humpa panga na jembe, maana ni chuma kigumu chenye kushika makali. Nondo za ujenzi humpa patasi za kazi nyepesi, bawaba, komeo na vyango. Chuma cha reli ni mali ya umma, na anayekinunua kwa siri hujitafutia kesi. Fundi mwenye akili hukikataa hata kikiletwa usiku kwa bei ya chini. Mnamo 1973 serikali iliunda shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, na tangu hapo mafunzo na zana zimewafikia baadhi ya mafundi mikoani. Wengi, hata hivyo, wamejifunza kwa kusimama karibu na moto wa mwingine.

Katika kiwanda cha mhunzi, ukuta ni sehemu ya kazi. Chuma kilichotoka motoni kina pumzi chache tu kabla wekundu wake haujafifia. Fundi akigeuka kutafuta nyundo, kazi imempotea. Itabidi arudishe chuma motoni, ateketeze makaa mengine, na makaa ya Tabora ni misitu ya miombo inayopungua kila mwaka. Kwa hiyo koleo hukaa upande wa moto, zikining'inia kwa mkono mmoja kwenye fimbo ndefu iliyoshikwa na vyango viwili. Nyundo hukaa upande wa fuawe, kila moja ikilala kati ya vyango pacha vilivyotengana wanda mbili. Tindo, tupa na keekee hukaa karibu na jiliwa. Mkono huenda wenyewe, macho yakibaki kwenye chuma. Mtunzi wa mashairi anayejua mizani yake haihesabu kwa vidole. Na mhunzi anayeujua ukuta wake hautazami.

Chango chenyewe hufuliwa hivi. Fimbo ya nondo yenye unene wa milimita 8 au 10 hukatwa kwa urefu wa shibiri moja na nusu. Ncha moja hupashwa mpaka iwe na rangi ya chungwa lililoiva. Ikipita hapo ikawa nyeupe na kurusha cheche, chuma kimeungua, hakifai tena. Ncha hiyo hupigwa pande nne kwanza, ichongoke, kisha pembe zake hupigwa ziwe nane, ndipo huviringishwa. Anayetaka kuifanya mviringo tangu mwanzo huipasua katikati. Baadaye ncha hukunjwa kidogo sana kwenda nje, kama ulimi wa mtoto, ili kanzu isichanike na mkono usichomwe. Hilo likisha, sehemu inayofuata hupashwa na kukunjwa upande wa pili juu ya pembe ya fuawe, na hapo mdomo wa chango unapatikana.

Upande wa nyuma hutegemea ukuta, na hapa ndipo fundi wa bara na wa pwani wanapoachana. Ukuta wa fito na udongo haushiki msumari. Ukipigilia chango katikati ya fito mbili, kitatoka na donge la udongo mkononi. Fundi hutafuta nguzo, na chango chake hukifanyia mkia uliochongoka kama wa jembe la kale, kiingie katika mti. Ukuta wa tofali bichi nao ni mlegevu. Huko hupachikwa ubao wa mninga kutoka nguzo hadi nguzo, na vyango vikapangwa juu ya ubao, vyenye mgongo bapa wenye matundu mawili. Tundu halitobolewi kwa pigo moja: hupigwa kwa upande mmoja mpaka tindo isikie ugumu wa fuawe chini yake, kisha chuma hugeuzwa, na palipo na doa jeusi ndipo hupigwa mara ya pili. Pwani, ndani ya jiwe la matumbawe na chokaa, hutangulizwa kigingi cha mti katika tundu, na chango kikafuata. Penye boriti ya paa hakuhitajiki msumari hata mmoja. Chuma hukunjwa pande mbili, mkunjo mmoja ukishika boriti na mwingine ukibeba mzigo.

Wapo mafundi wanaousokota mwili wa chango kabla hawajaupa mdomo. Hukibana chuma chekundu katika jiliwa, wakakizungusha kwa koleo mara mbili au tatu. Mtazamaji huona pambo, na ni pambo kweli. Lakini msokoto unakuwa sawasawa tu pale ambapo moto umeenea sawasawa; palipopoa hukataa, palipozidi hulegea. Fundi mzee akitaka kujua kama mwanafunzi amejifunza kutazama moto, haulizi. Hutazama msokoto.

Jambo la mwisho ni kutu. Tabora kavu haina chumvi ya bahari, lakini masika yake ni mazito, na chango chenye kutu huchafua kila kinachokigusa. Dawa yake inapatikana mjini hapohapo. Wahunzi wa nchi nyingi hukipaka chuma nta ya nyuki kingali na joto, baada ya wekundu kutoweka. Nta huyeyuka, ikanywewa na uso wa chuma, na kuuacha mweusi wenye mng'ao hafifu. Tabora ni nchi ya nyuki. Asali na nta zimekuwa biashara ya miombo kwa vizazi, na mji una chuo kinachofundisha ufugaji nyuki. Msitu unaompa mhunzi makaa ndio unaompa nta, na atakayeumaliza kwa makaa atakosa vyote viwili.

Tembe ya Kwihara, iliyojengwa upya, ni makumbusho yenye jina la Livingstone. Wageni huonyeshwa alipokaa akingoja wapagazi kutoka pwani, tangu Stanley alipoondoka Machi 1872 mpaka mwezi Agosti. Ni haki ikumbukwe. Lakini katika miezi hiyo ya kungoja, mali iliyolindwa, chakula kilicholimwa na bunduki zilizopata mti mpya zilipitia mikononi mwa mafundi ambao jina lao halikuandikwa na mtu yeyote, awe Mzungu, Mwarabu au Mswahili. Majina hayo hayatarudi. Kinachoweza kuokolewa ni maneno yao. Wafipa wazee waliozungumza na watafiti waliacha neno ilungu na neno kintengwe. Bila hayo, matanuri yale yangekuwa vichuguu tu kwa anayepita. Maneno ya mafundi wa Unyamwezi na Usumbwa, ya mivukuto, ya rangi za moto, ya namna za mkunjo, yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule unaopewa mashairi ya kale, na kuwekwa karibu na maneno ya pwani kama fuawe, tindo, jiliwa na chango, ili ionekane ni wapi lugha hizi zilikopeshana na ni wapi kila moja ilifua cha kwake.

Wanaoijua kazi hii bado wapo, Tabora mjini na katika vituo vya reli hadi Urambo na Kaliua. Asubuhi huanza kwa kuwasha moto. Kabla haujakolea, fundi hunyoosha mkono ukutani bila kutazama, akaishusha koleo.